Damu ya Ilyasi

Sokoni Kigali, mwaka 1992, msongamano ulimsukuma Umutoni hadi akakanyaga kitenge cha kijani kilichotandazwa chini. Mwenye kitenge, Ilyasi, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, aliyefiwa na mke, mwenye shati lililonyooshwa vizuri, akacheka.

"Dada, sasa hii iko yako. Nikushonee gauni?"

"Nishonee koti la kazi. Napima damu maabara."

"Ya ukimwi?"

"Hapana. Homa inayotoka kwa ng'ombe ikampata mtu. Hujawahi kuisikia."

Hakuna aliyetaka kuisikia tena. Zamani watafiti walikuja kwa ajili yake na majokofu yao. Ukimwi ulipoenea, watafiti na misaada wakahamia huko. Mwaka huohuo maabara ikafungwa, sampuli za miaka mitano zikachomwa moto. Umutoni alitazama moshi, asilie. Akahamishiwa mradi wa ukimwi.

Koti lilipokamilika, walikuwa tayari wapenzi. Ilyasi alimpigia simu ya kazini kila mchana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Sauti yako iko na njaa."

Hapo tu ndipo alipotabasamu.

Jioni moja, wakila mishikaki Nyamirambo, akamwuliza, "Ilyasi, mkeo alikufa na nini?"

Ilyasi akaweka kijiti chini. "Alikonda. Basi."

"Njoo upimwe. Mradi unatafuta wanaume waliofiwa..."

"Kumbe! Mimi mpenzi wako au sampuli yako?"

Umutoni alikuwa akihofia maisha yake, lakini maneno ya kazini ndiyo yaliyomtoka. Ilyasi akainuka, akaondoka.

Simu zikakoma. Mvua za vuli zikanyesha, zikakatika. Umutoni alichoma sindano, akabandika majina kwenye chupa, akarudi nyumbani Gikondo kulala. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mkono alioulalia.

Asubuhi moja akainua macho, akamkuta Ilyasi ameketi mbele yake, mkono wa shati umekunjwa.

"Umekuja kwa mradi?"

"Nimekuja kwako. Usiku silali, Umutoni. Pima."

Akamchoma sindano. Damu ikajaa chupani, nyeusi.

"Majibu yatachukua wiki," alisema.

"Na wewe majibu yako? Nataka kukuoa."

"Hata kabla hatujajua?"

"Tukishajua, nitaogopa kukuuliza."

Umutoni alingoja furaha imjie, au hofu. Hakikuja kitu. Akabana pamba kwenye jeraha dogo la sindano, akaiacha mikono yake pale.

"Yego," akasema. "Ndiyo, nioe."

Nje, mgonjwa aliyefuata alikuwa akibisha hodi. Umutoni hakuuachia mkono wa Ilyasi.