Ashatu na Wimbo wa Udongo

Kila asubuhi Ashatu alichota maji kisimani, akafagia uwanja na kuwafungulia kuku, kisha akaenda shule. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kuku walipotoka bandani, alijifunga khanga yake mpya, akaelekea kwa mama yake mdogo, Bi Mwanaharusi. Majirani wengi wa kijiji chao cha Mapinga walikuwa wakienda huko huko kukandika nyumba.

Nyumba ya zamani ya Bi Mwanaharusi ilikuwa imebomoka. Yeye na mtoto wake mchanga walilala katika jiko la jirani, na moshi ulimfanya mtoto akohoe usiku kucha. Wanaume walikuwa wamekwisha kusimamisha nguzo za nyumba mpya, wakafunga fito na kuezeka makuti. Kilichobaki ni udongo wa kuta. Ila masika yalikuwa mlangoni, na kesho yake watu wote wangekwenda mashambani kupanda mpunga. Kuta zisipokwisha leo, mama na mwana wangebaki katika moshi ule msimu mzima.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Leo wewe ndiye msimamizi wa watoto wenzako. Wakanyage udongo mpaka ulainike kama ugali."

Ashatu alijiona amerefuka ghafla. Akasimama ukingoni mwa shimo la udongo, miguu mikavu, akaanza kunyoosha kidole.

"Mwinyimvua, ongeza maji! Ausi, inua miguu, umelala?"

Watoto wakacheka, wakakanyaga. Ndipo Kulwa, msichana mwenye sauti kali kuliko wote, akaanzisha wimbo. Ndiyo desturi ya kukandika: msimamizi hutaniwa kwa wimbo, naye hujibu kwa wimbo.

"Ashatu amesimama, kidole chafanya kazi,
Udongo wamtazama, kama mgeni wa juzi!"

Vicheko vikalipuka. Hata fundi Mtoro, aliyekuwa akibandika udongo ukutani, alicheka mpaka akashika fito. Ashatu peke yake hakucheka. Uso ulimwaka moto.

"Nyamaza, Kulwa! Nanyi nyote! Tumekuja kazini, hatukuja ngomani. Atakayeimba tena aende kwao!"

Wimbo ukakatika. Miguu iliyokuwa ikishuka pamoja sasa ilishuka ovyo ovyo, kila mtu na wakati wake. Kadiri Ashatu alivyofoka, ndivyo walivyozidi kulegea. Mwinyimvua akasema amechomwa na mwiba. Ausi akaenda kunywa maji, asirudi. Kulwa alikanyaga pale pale alipo, macho chini, kama mtu anayesubiri jua lichwe.

Mara fundi Mtoro akapiga kelele. "Udongo gani huu? Una madonge kama kisamvu kisichotwangwa!"

Kipande kikubwa kikaporomoka ukutani, kikavuta na kingine. Upande wa bahari, mawingu yalikuwa yakikusanyika.

Ashatu akamkimbilia Bi Mwanaharusi, machozi yakimlengalenga. "Mama mdogo, hawa ni wavivu! Hawataki kunitii."

Bi Mwanaharusi alikuwa akimpigapiga mgongo mtoto aliyekuwa akikohoa. "Asubuhi walikuwa wavivu?"

"La."

"Na miguu yao ni ile ile. Basi kimebadilika nini?"

Ashatu akageuka kumtazama Kulwa.

"Ulisikia nini katika wimbo wa Kulwa?"

"Amenidharau mbele za watu."

"Anayekudharau anakusema pembeni, mwanangu. Anayekuimba machoni pako amekukubali. Mimi nilipokuwa mwari waliniimba kuwa napika wali mbichi. Nikawajibu kuwa wao wana meno mabovu!"

Ashatu akalitazama lile shimo. Kuomba radhi mbele ya wenzake aliona ni kuzito kuliko kubeba debe la maji. Mtoto akakohoa tena. Basi akajifunga kibwebwe, akarudi, akaingia topeni mpaka magotini. Sauti ikimtetemeka, akaimba:

"Kidole nimekifunga, nimeshuka kwenye tope,
Kulwa, imba nitaunga, radhi yako sasa nipe."

Kulwa akainua macho. Akamtazama kuanzia khanga mpya iliyoharibika hadi usoni.

"Una sauti kama bata," akasema. Kisha akacheka. "Haya, bata, pokea!"

Wimbo ukafufuka. Ausi aliposikia habari ya bata alirudi mbio, asije akapitwa na utani. Mwiba wa Mwinyimvua ukatoka wenyewe. Miguu yote ikashuka kwa pamoja, madonge yakapondeka, na fundi Mtoro akawa anaomba udongo haraka kuliko alivyoweza kuubandika. Kabla ya magharibi, tundu la mwisho likazibwa.

Mvua ilipoanza kunyesha, watoto walikuwa wameketi kibarazani chini ya makuti, wakila wali kwa samaki kutoka sinia moja. Nje ya kibaraza, maji yalitiririka bila kuzigusa kuta.

"Zikikauka tu, nahamia," alisema Bi Mwanaharusi, akampakata mwanawe. Akamgeukia Ashatu, ambaye tope lilikuwa limemkaukia hadi kwenye nyusi.

"Umeona, mwanangu? Mtu hafanyi kazi kwa mikono na miguu tu. Moyo wake ndio unaotangulia. Ukiuvunja, viungo vyote huwa vizito. Basi ukipewa watu uwaongoze, kwanza ichunge mioyo yao, na wako usiuache ukawa mwepesi wa kuumia. Asiyeweza kuchekwa hawezi kuongoza."

"Na asiyeweza kuimba?" akauliza Kulwa, mdomo umejaa wali.

"Huyo," akajibu Ashatu, "hukanyaga udongo zaidi."