Sauti Chini ya Samadi

Haya yalimpata Kapinga, mtu wa Kasai, rafiki wa mama yangu, huko mtaani Katuba, jimbo la Katanga lilipojitenga. Yeye na jirani yake Wivine walifukia kuku wao waliokufa kwa ugonjwa ndani ya rundo la samadi na unga wa mbao bandani, wakalifunika vizuri mbwa wasifukue. Kisha askari waliokuwa wakisaka Wakasai walifika mlangoni kwa Kapinga, akaponyoka na kukimbilia kambi ya wakimbizi.

Mwezi uliofuata alirudi kuchota mbolea ya maharage. Wivine alimkumbatia. "Dada, njo tuchimbe."

Banda lilikuwa giza. Rundo lilifuka joto, kuku wameoza, manyoya yamebaki. Mara kitu kikakwaruza chini kabisa, ikasikika sauti ya Wivine: "Ule Mukasai iko mu nyumba ile. Mumukamate."

Kapinga aligeuka. Wivine alisimama kando yake, ameziba mdomo kwa mikono miwili.