Lango la Utulivu Lilipofungwa

Katika zama ambazo Uchina ilitawaliwa na wafalme walioitwa Wana wa Mbingu, mji mkuu wa Yongjing ulizungukwa na ukuta mkubwa wa matofali, na kila lango lilikuwa na jina na kazi yake. Jeshi lilikwenda vitani kwa Lango la Ushindi na kurejea kwa Lango la Utulivu. Upande wa magharibi palikuwa na Lango la Majuto, ambamo walipitishwa waliohukumiwa kufa.

Jemadari Luo Baishan alitoka kwa Lango la Ushindi, amevaa deraya ya vipande vya chuma, kwenda kuwakabili wapanda farasi wa nyika waliozingira ngome za kaskazini. Alipigana majira yote ya baridi. Askari wake walipoanza kuchemsha mikanda ya ngozi wapate kula, naye alipoona adui amechoka vilevile, akafanya suluhu. Wapanda farasi wakarudi kwao na mpaka ukasalimika.

Lakini Waziri Qian Wude alikuwa amemwahidi mfalme kichwa cha mkuu wa maadui. Kwa kuogopa aibu, akanena barazani kwamba jemadari ameuza heshima ya kiti cha enzi.

Luo alipofika na jeshi lake, alilikuta Lango la Utulivu limefungwa. Juu yake alisimama mkuu wa walinzi, Shen Ke, kaka wa mkewe.

“Shemeji, fungua,” akasema Luo. “Nina majeruhi kwenye mikokoteni.”

“Nimekatazwa. Hapa hupita jeshi lililoshinda. Wewe wamesema hukushinda.”

“Basi nipite wapi?”

Shen Ke akainamisha uso. “Magharibi.”

Askari walielewa. Gao Tie, msaidizi wa jemadari, akamsogelea akiwa ameshika upinde. “Mkuu, ukuta huu tumeulinda miaka mingi, tunajua ulipo dhaifu. Tupe amri tu.”

Luo aliutazama moshi wa majiko uliopanda nyuma ya ukuta. Mkewe alikuwa humo.

“Nimezika vijana wa kutosha,” akajibu. “Sitaki kuzika na waliomo ndani.”

Kisha akamwita tena shemeji yake. “Nikienda huko magharibi, hawa watafunguliwa?”

Shen Ke akaenda kuuliza, akarudi. “Waziri ameapa.”

Luo akamkabidhi Gao Tie upanga wake, akatembea peke yake kuufuata ukuta. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kukatwa kichwa.

Lango la Utulivu halikufunguliwa. Askari walinyang'anywa silaha, wakarudishwa mpakani pamoja na Gao Tie. Majeruhi waliachwa kandokando ya handaki la maji lililouzunguka ukuta, wakafa huko mmoja mmoja. Shen Ke alipandishwa cheo, naye hakukataa.

Miaka ikapita. Qian Wude akaanguka madarakani, na mfalme mpya akataka kulisafisha jina la kiti cha enzi. Akaamuru Lango la Majuto liitwe Lango la Uaminifu, kwa heshima ya Luo Baishan. Mjane wake, Shen Lian, akaletwa langoni kwa machela ya hariri. Ngoma zilipotulia, ofisa wa mfalme akamwuliza anataka zawadi gani.

“Mifupa yake,” akasema.

Ofisa akaeleza kwa upole kwamba waliouawa walitupwa shimo moja, na shimo lile lilichimbuliwa handaki lilipopanuliwa. Mifupa haikujulikana ilikokwenda.

“Basi niruhusiwe kurudi nyumbani.”

Waandishi wa mfalme waliandika kitabuni jina jipya la lango na siku lilipotolewa. Hayo ndiyo yaliyobaki. Wakati wakiandika, mjane aliwarudisha wachukuzi wa machela, akaanza kuuzunguka ukuta kwa miguu kuelekea lango lingine, njia ndefu. Shen Ke, mzee sasa, akamfuata kwa nyuma.

“Dada, lango limeshabadilishwa jina. Hupiti?”

“Pita wewe, kaka,” akasema bila kugeuka. “Wewe malango yote yanakufungukia.”