Raudha Hakuacha Kazi

Raudha alikuwa dobi katika hoteli moja ya ufukweni, Kunduchi. Kila asubuhi alikusanya mashuka ya vyumbani, akayafua, akayaanika, akayapiga pasi. Kazi aliipenda.

Mimba yake ilipoanza kuonekana, meneja, Bwana Adelard, alimwita.

"Hoteli sasa ina mwenyewe, si ya serikali tena," alisema. "Wageni hawataki kuona tumbo. Kesho usije."

"Bosi, kosa langu nini?"

"Sijasema una kosa. Kapumzike."

Nyumbani, mumewe, Twalib, muuza samaki, alishusha pumzi. "Yaache, mke wangu. Mwenye nguvu mpishe. Mungu atafungua mlango mwingine."

Mlango uliofungwa Raudha aliuona. Huo mwingine hakuuona.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Mama Margareta. Mama huyu alikuwa mpishi wa hoteli ileile, tena katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

Raudha akaeleza yote.

"Kesho nenda kazini kama kawaida," Margareta alisema.

"Nimefukuzwa, mama!"

"Umeambiwa kwa mdomo tu. Ukibaki nyumbani, watasema umetoroka kazi. Hapo utakuwa umewapa sababu. Mimba si kosa, wala si ugonjwa. Sheria inakupa likizo ya uzazi yenye malipo. Ikiisha, unarudi kazini kwako. Sie wa tawi tutazungumza naye. Asiposikia, tutakwenda Ofisi ya Kazi."

Asubuhi Raudha aliingia langoni kama kawaida. Adelard alimkuta anafua.

"Sikukwambia usije?"

"Uliniambia, bosi. Lakini mie sijaacha kazi."

Margareta alifika na wajumbe wa tawi. Walizungumza bila kelele. Adelard alibisha sana, mwishowe akauliza, "Akiinua ndoo akaanguka, lawama za nani?"

"Basi mpe kazi nyepesi," Margareta alijibu. "Hilo ndilo tunaloliomba."

Adelard akakubali. Raudha alihamishiwa chumba cha kushona, akawa anatia viraka mashuka yaliyochanika. Alijifungua mtoto wa kike, Bahiya, akiwa likizoni, na mshahara wake ulitoka. Likizo ilipokwisha, akarudi kwenye kazi yake.

Siku moja alikuwa akipita na mashuka karibu na ofisi ya meneja. Akamsikia Tabu, msafishaji wa vyumba, akisema ndani:

"Bosi, mie mjamzito. Nimekuja kukuarifu mapema."



"Hongera," Adelard akasema. "Likizo yako itaanza lini?"