Nikate Mguu

Shoga yangu, yule fundi cherehani, mpaka leo hagusi nyama ya kuchoma. Siku hiyo tangu asubuhi walizunguka na rafiki yake dereva, wakionja kila jiko la barabarani. Dereva alikuwa akichechemea, maana tangu ile ajali mguu wake wa kulia ulikuwa na chuma chenye skrubu nne.

Walipofika kwa mchoma nyama, dereva akaropoka kwa njaa: "Kaka, nikate mguu!"

"Sema nikatie, wewe!" Fundi akacheka, hana mbavu.

Mchoma nyama hakucheka. "Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia, bwana," dereva akatania, akaenda kunawa nyuma ya pazia, kwenye giza la moshi.

Huko nyuma panga likashuka. Ko! Ko! Mfupa ukapasuka, dereva akapiga yowe, damu ikatiririka chini ya pazia mpaka kwenye ndala za fundi. Fundi akalivuta pazia.

Dereva alikuwa amesimama, mzima, anajifuta mikono. "Vipi, mbona umetoa macho?" Akarudi mezani akitembea sawasawa, bila kuchechemea.

Sahani ikaletwa. Dereva akamsukumia fundi. "Kula, inapoa."

Fundi akaugeuza mfupa. Chuma kilikuwemo, na skrubu zote nne.