Bamba Lisilo na Jina

Tik.

Sauti moja tu usiku, kama ncha ya sindano ikigusa shaba, na Bi Tamsin Orrell akafumbua macho. Sindano zake za kuchongea alikuwa amezifungia sandukuni. Na katika nyumba ile ya Clerkenwell, jijini London, hakuishi mtu mwingine tangu binti yake alipokufa kwa homa, miaka tisa iliyopita. Siku ya maziko Bi Tamsin alikataza jina la mtoto lisitamkwe tena mbele yake. Wala yeye mwenyewe hakulitamka.

Asubuhi alilitazama bamba la shaba. Alikuwa akichonga sura ya mke wa jaji, kwa vinukta, maelfu kwa maelfu, kama watu walivyopenda mwaka ule wa 1811. Shavuni mlikuwa na vinukta asivyovichonga yeye.

Usiku uliofuata vikaongezeka. Chumba kikaanza kunuka siki na asali, dawa aliyokuwa akimnywesha bintiye mgonjwa. Mwisho wa juma akalipeleka bamba kwa Bwana Gedge, mchapaji wa jirani, aliyelipaka wino na kuzungusha gurudumu la mtambo.

"Jina la chini ya picha bado?" Gedge aliuliza.

"Jina huchongwa mwisho. Unajua."

Gedge alibandua karatasi, akacheka. "Lo, Bi Tamsin! Huyu mke wa jaji, au mke wa jaji kabla hajazijua keki?" Kisha kicheko kikamkauka. "Mungu wangu. Huyu ni mwanao."

"Amekua," Bi Tamsin alinong'ona. "Sasa angekuwa na miaka kumi na tano."

"Tazama kovu la ile taa iliyomuunguza. Lilikuwa juu ya jicho lipi?"

"La kushoto."

"Hapa liko juu ya la kulia. Aliyechonga hajui kwamba karatasi ikichapwa hugeuza kila kitu, kushoto kuwa kulia. Mtoto wako alijua. Alikuwa akinichorea herufi kinyumenyume sakafuni hapa, ana miaka minne!"

"Najua, Gedge."

"Basi si yeye, mama! Ni kitu kimevaa uso wake. Likwangue bamba leo hii. Na jina usilichonge, usilitamke. Kinalingoja hilo tu. Ukikipa, hakitoki tena."

Jioni Bi Tamsin aliketi na chuma cha kukwangulia mkononi, akakiweka juu ya paji la uso ule wa shaba, akijua kwamba msukumo mmoja ungetosha, kwamba baada yake shaba ingekuwa tupu na chumba kingekuwa kimya, kimya kilekile cha kikombe kimoja na kiti kimoja, kesho na kesho kutwa na miaka yote iliyobaki, na harufu ya siki ikapanda, na midomo midogo ya vinukta ikafunguka kidogo, ikisubiri kama mtoto anayesubiri kuitwa ndani.

"Wewe si yeye," akasema.



Akakiweka chuma chini. Akavuta kiti karibu.

"Keziah."