Siku Kasuku Alipokosa Maneno

"Dada, usikasirike. Shemeji yumo humu."

Hamira hakuinua uso. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye unga, na unga uliokwisha kuumuka haumngoji mtu. Akamuuliza mdogo wake, yumo wapi?

"Kwenye simu. Kuna kipande cha video, watu wanatoka kuangalia ile ya mwisho."

Hapo mikono ikasimama.

Ile ya mwisho haikuhitaji kutajwa jina. Wiki nzima mji haukuwa na habari nyingine. Ilikuwa ni Taa ya Mbali, hadithi ya nahodha bibi kizee mwenye chombo kibovu, anayepita nyota baada ya nyota akitafuta moto wa kuliwasha jua la kwao linalozimika. Sinema moja ilizaa nyingine, na watoto walioanza nayo sasa wana ndevu. Hamira na mchumba wake walijuana kwenye foleni ya sinema ya tatu, wakabishana mpaka milango ikafunguliwa, na tangu siku ile hakuna aliyeiona hata moja bila mwenzake. Ya mwisho waliapiana wataingia pamoja, bega kwa bega, kisha harusi ifuate.

Halafu macho ya Hamira yakazimika. Ugonjwa ulianza kama ukungu pembeni, madaktari wakahangaika nao, na mwaka haujaisha giza likafunga. Kazi ya kuoka hakuiacha. Alisema mkate tangu zamani huokwa kwa vidole na pua, macho ni ya mnunuzi.

"Haya, niambie unachokiona," akasema.

Mdogo mtu akamweleza. Mlangoni pa ukumbi kuna mtu ana kipaza sauti, anawauliza wanaotoka wameionaje, na hakuna anayemjibu la maana. Mzee mmoja wa suti anafuta miwani, anaivaa, anaivua, anaifuta tena. Wasichana wamekaa kwenye ngazi kama waliotoka mazikoni, ila nyuso zao zinang'aa. Kijana mmoja aliulizwa, akafumbua mdomo, akaufumba, akaenda zake. Halafu anatokea shemeji.

"Analia, dada. Na kuna mwanamke kamshika bega."

"Mzuri?"

"Dada, jamani."

"Nimekuuliza."

"Mzuri kiasi chake."

Hamira akaurudia unga wake, akaukanda kama una kesi naye.

Huyo mchumba alikuwa mtangazaji wa mpira redioni, na watu walimwita Kasuku. Akianza kutangaza, hata mwenye runinga huzima sauti yake akafungua redio, maana Kasuku hakuwahi kuuacha mpira uende nje bila kuusindikiza kwa maneno. Tangu Hamira apoteze macho, Kasuku alihamishia utangazaji wake nyumbani. Alimtangazia kikombe, alimtangazia mbu. Daktari akimuuliza Hamira anajisikiaje, jibu linatoka kwa Kasuku. Juzi dukani muuza viatu alimuuliza namba ya mguu wake, na kabla hajavuta pumzi Kasuku alikwisha kuitaja. Hamira hakusema kitu, lakini kibaba kilikuwa kinajaa.

Mchana Kasuku akaingia chumba cha nyuma cha tanuri, anasema tangu mlangoni. Amemletea maji, chupa iko kulia kwake, kifuniko amekwisha kukifungua, asijisumbue.

"Ulikwenda," Hamira akamkatiza.

Tanuri tu ndilo lililonguruma.

"Nilikwenda."

"Na mwanamke."

Kasuku akaapa kwamba yule mwanamke hamjui hata kwa jina. Alikaa kiti cha jirani tu, na mwisho wa sinema ile kila mtu alimshika aliye karibu naye. Nyuma yake kulikuwa na askari mwenye mwili wa mlango, kamkumbatia muuza karanga. Yeye alikwenda mapema ajifunze, ili siku atakayokuja na Hamira amsimulie bila kukwama. Mtangazaji haingii uwanjani bila kuwajua wachezaji.

"Mwanamke huyo simwogopi," Hamira akasema. "Mimi naogopa jambo jingine. Nijibu, na leo tu nakuomba usiseme mengi. Unanioa, au unaniuguza?"

Lingekuwa jibu la neno moja. Lakini Kasuku ni Kasuku. Akaanza na ahadi, akapita kwa wazazi, akazunguka kwenye utu na ubinadamu, na katikati ya maneno yote hayo likamponyoka hili:

"Siwezi kukuacha katika hali hii."

Alilisikia mwenyewe lilipotua. Akajaribu kulifuata, limekwenda.

"Basi hiyo hali ioe yenyewe," Hamira akasema. "Mimi nina mikate motoni."

Akamgeuzia mgongo, akafungua mlango wa tanuri, na joto likamtoa mwanamume nje.

Siku zilizofuata simu ya Hamira haikupumzika. Ilikuwa na sauti ya kumsomea ujumbe, sauti kavu kama ya mtu anayesoma majina ya wagonjwa hospitali, na mapenzi ya Kasuku yote yakapita humo.

"Hamira. Nimekosa. Nimezoea kusema kwanza na kufikiri wakati wa mapumziko."

Hamira akaendelea kukanda.

"Hamira. Nimeomba ruhusa kazini. Mwenzangu ametangaza mechi, watu wanasema wamelala."

Mdogo mtu akacheka. Hamira akamwambia hakuna cha kuchekesha, ila naye akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kidogo.

Mwisho akamjibu Kasuku kwa ujumbe wa sauti. "Jumamosi, onyesho la mchana. Kiapo ni kiapo. Tukitoka hapo, kila mtu na njia yake."

Mdogo wake akamuuliza kwa nini ajitese, aende sinema asiyoiona na mtu asiyemtaka.

"Nahodha yule nimemfuata tangu naingia kwa tiketi za kuazimana," Hamira akasema. "Simwachi safari ya mwisho peke yake. Na huyo mwingine sikusema simtaki. Nimesema siuguzwi."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vipito. Taa zikazimwa, muziki ule wa siku zote ukapanda taratibu, na Hamira akahisi nywele za mikono zikimsimama. Hapo hapo Kasuku akamwinamia sikioni.

"Bibi anaingia, ana koti lile la kijivu, anashika usukani, anaangalia kushoto, kushoto tena, chombo kinayumba, kinayumba, anakiweka sawa, anapita katikati ya mawe mawili..."

Alinong'ona kama dakika ya mwisho ya fainali. Watu wakaguna. Mama mmoja kiti cha nyuma akamgusa bega, akamwambia kwa upole, "Baba, hata sisi tunaona."

"Yeye haoni," Kasuku akajibu.

Hamira akanyoosha mkono, akakipata kinywa cha mchumba wake gizani, akakifunika.

"Nyamaza. Huu si mpira."

Akanyamaza. Na Hamira akaanza kusikiliza.

Mwanzoni alisikia sinema. Kisha, taratibu, akawasikia watu, na watu walikuwa sinema nyingine kubwa zaidi. Chombo kilipokaribia hatari, viti vya kulia vililia kabla ya vya kushoto, akajua hatari inatokea upande gani. Nahodha alipotabasamu, hakuna aliyemwambia. Kicheko chepesi kilipita ukumbini kama upepo juu ya nguo zilizoanikwa, naye akatabasamu pamoja nao. Alimsikia mzee mmoja akipumua kwa mdomo. Mtoto akaacha kutafuna. Watu wale wasiojuana walikuwa mwili mmoja, na yeye alikuwa ndani yake, hajaachwa nje.

Ikafika pale. Nahodha akawaambia mabaharia wake warudi, abaki yeye peke yake. Katika sinema zote za nyuma, chombo kikiondoka, mabaharia humwambia, "Tuko nyuma yako." Safari hii redio ya chombo ilikuwa imekufa, hakuna wa kumwambia. Basi ukumbini mtu mmoja akanong'ona, "Tuko nyuma yako." Mwingine akafuata, halafu mstari mzima. Hamira naye akasema, machozi yakimfika kidevuni. Ukumbi wote ukanong'ona kama swala.

Kisha injini ikakata. Hakuna muziki. Watu mamia, na hakuna aliyepumua. Mtoto akauliza bibi yuko wapi, mama yake asimjibu. Halafu, wote kwa pamoja, wakavuta pumzi moja ndefu, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha.

"Ameingia ndani ya jua," Hamira akanong'ona. "Moto hakuupata popote. Akajitia yeye. Na sasa kumekucha."

Kasuku hakujibu.

"Nimekosea?"

Akamsikia anatikisa kichwa, kola ya shati ikisugua shingo. Hakuwa amekosea hata kidogo. Yeye alikuwa ameiona mara mbili, na maneno yote aliyoyaandaa hayakufika hapo alipofika Hamira kwa masikio yake.

Taa zikawaka. Hakuna aliyetoka. Waliokwisha kusimama walikaa tena, mikono kichwani, wanatazamana kama ndugu waliokutana baada ya vita.

"Swali langu liko pale pale," Hamira akasema.

Kimya kikawa kirefu. Mtu aliyelipwa mshahara asiache kimya kipite redioni, leo alikiacha kikapita chote. Na Hamira hakumharakisha.

"Mwenye kuogopa giza nilikuwa mimi," Kasuku akasema hatimaye. "Nilidhani nikinyamaza utapotea. Kumbe nilikuwa nakuzibia. Sikuuguzi, Hamira. Nakuomba unichukue mimi, kama bado unanitaka."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hata neno moja la nyongeza?"

Hakusema. Hamira akacheka, akalia, akasimama akapapasa mpaka akakipata kiganja chake. Kilikuwa kimelowa.

"Mwezi ujao, basi," akasema. "Mwambie mama yako aache kupika huzuni, apike vya harusi."

Wakaanza kutoka. Kasuku alikuwa amejaa machozi, haoni mbele, akajigonga kwenye kiti, akajigonga kwenye kingine. Hamira akamvuta nyuma yake, akauweka mkono wa Kasuku begani pake, akatangulia kuufuata upepo wa mlangoni.

"Kuna kipandio hapa," akamwambia. "Inua mguu, mume wangu."